Ulipoacha Wewe, Nami Nikaacha

Kama hujawahi kumwona mtu mzima, mwenye ndevu na maumivu ya mgongo, akijaribu kuingiza magoti yake chini ya dawati la mtoto wa darasa la tatu, basi wewe bado hujacheka.

Darasa la jioni lilijaa watu wa namna hiyo, na kila mmoja alikuwa na lake lililomrudisha shule. Mlinzi wa benki, ambaye wote walimwita Afande, alirudi kwa sababu mjukuu wake alimsahihisha mbele ya wageni. Mama mmoja muuza viatu alirudi kwa kuwa mumewe alisema hataweza. Alisema mara moja tu, huku anakunywa chai, na chai hiyo inamtokea puani mpaka leo.

Hamira alirudi kwa sababu ya swali.

Hilo la Hamira ni jina la kazini. Alikuwa anaoka mikate, na wenzake walimbandika jina hilo kwa vile akiingia mahali watu huanza kuchangamka hata kama walikuwa wamenuna. Utotoni, siku aliyotolewa shule, mwalimu wa sayansi alikuwa ndiyo kwanza ameandika ubaoni: *Sauti husafirije?* Kabla hajawageukia wanafunzi, mlango ukagongwa. Alikuwa mjomba. Baba amefariki, fungasha vitabu twende. Hakurudi tena.

"Miaka yote hii nakanda unga, natoa mikate," alimwambia jirani yake siku ya kwanza walipobanana dawati moja, "lakini lile swali limekaa kichwani kwangu kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Nataka kujua kilichofuata pale ubaoni."

"Si ungemuuliza mtu tu?"

"Sitaki kuambiwa. Nataka kufundishwa."

Huyo jirani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu, shati lake lina vitundu vidogo vidogo vya moto kuanzia kifuani hadi tumboni. Wakamwita Cheche. Yeye alirudi kwa sababu alitaka kwenda chuo cha ufundi. "Nimechoka kuunganisha vitu walivyochora wengine," alisema. "Na mimi nataka nichore changu, wengine waungue vidole." Lakini aliposikia lile neno, *nataka kufundishwa*, Cheche aligeuka akamtazama vizuri yule mwanamke mwenye unga kwenye nyusi, na kuanzia hapo chuo cha ufundi kikapata mpinzani.

Utaratibu wa shule ile ulikuwa rahisi na hauna huruma. Mwisho wa muhula mnafanya mtihani wa hesabu. Anayefaulu anapanda ngazi kwenda chumba cha juu, kujiandaa na mtihani mkuu. Anayeshindwa anabaki chumba cha chini. Akishindwa mara tatu, anaanza upya kabisa, pamoja na wageni watakaoandikishwa.

Hamira na Cheche walikuwa wameshindwa mara mbili. Pamoja. Hamira alilia mara zote mbili, Cheche akamfariji mara zote mbili, na kwa jinsi alivyomfariji, darasa zima lilikuwa linasubiri tu kuambiwa tarehe ya harusi.

Mtihani wa tatu ulikuwa jioni ya leo.

Mchana, Hamira akiwa anapanga mikate dukani, mwanamke mmoja aliingia na mkoba kwapani. Alikuwa mnene, nadhifu, na alitembea kama mtu anayekuja kufungua kikao.

"Karibu dada. Mkate umetoka sasa hivi, bado una moto."

"Sikuja kununua mkate. Wewe ndiye Hamira?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba." Aliitikia kwa sababu alilelewa vizuri, si kwa sababu alipenda. "Mimi ni dada yake Cheche. Yule mdogo wangu nimemlea mwenyewe tangu hajui kufunga kamba za viatu, mama alipotutoka. Nimeambiwa una sura nzuri. Haya, nimeiona, ni kweli. Sasa nieleze, umemfanya nini mdogo wangu?"

Hamira alishika trei kwa mikono miwili. "Sijamfanya kitu, dada. Tunasoma pamoja tu."

"Jana nimemkuta anawafundisha wanangu hesabu. Milinganyo, pembetatu, makorokoro yote. Anaeleza mpaka mimi niliyekuwa nakunja nguo pembeni nikaelewa! Nikamwuliza, hizi si ndizo ulizofeli mara mbili? Akacheka. Kile kicheko chake cha uongo mimi nakijua kama ninavyoujua mlango wa kwangu. Nikambana. Akanyamaza. Cheche akinyamaza, ujue kuna mwanamke."

"Aliniambia mtihani unamtia kiwewe."

"Kiwewe? Yule anachomelea mapaa juu ya ghorofa huku anapiga mluzi!"

Hamira alianza kukumbuka ni nani aliyemwelekeza milinganyo, mara ngapi, na kwa subira gani. Alikumbuka Cheche akichora pembetatu kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani. Mtu wa namna ile anashindwaje?

Dada mtu alishusha sauti. "Sikiliza, binti. Sijaja kukukataza kumpenda. Mapenzi hayakatazwi na mtu aliyebeba mkoba. Lakini umri wa kupokelewa chuoni, mwaka huu ndiyo mwisho kwake. Akifeli leo, kile chuo ataishia kukipita kwa nje, akichomelea geti lake. Sikumlea ili aje ashike mkia kwa ajili ya macho ya mtu."

Akageuka kuondoka. Mlangoni akasita, akarudi.

"Nipe mikate miwili. Kwa kuwa nimeshafika."

Jioni Hamira alimkuta Cheche bombani, nyuma ya madarasa, ananawa mikono. Alikuwa amechana nywele. Alivaa shati lake zuri, lile lenye vitundu vichache.

"Mwenzangu huyo!" Cheche alisema. "Mbona uso umeufunga kama duka siku ya msiba?"

"Kwenye mtihani wa kwanza, wewe uliishia swali la ngapi?"

"Nani anakumbuka mambo ya zamani?"

"La sita. Na mimi niliishia la sita. Wa pili je?"

Cheche alifunga bomba. Alilifunga polepole, halafu akalifunga tena ingawa lilikuwa limeshafungika.

"La nane," Hamira alijijibu. "Na mimi la nane. Nikadhani tunafanana. Nilifurahi, Cheche! Nilirudi nyumbani nimefeli, macho mekundu, nikamwambia mama, lakini nimepata mtu tunayekwama pamoja. Mama akanishangaa. Kumbe mama ndiye mwenye akili."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeambiwa tu kwamba hesabu unazijua. Hayo mengine nimeyapigia hesabu mwenyewe, na hiyo ndiyo hesabu ya kwanza nimepata yote."

Cheche aliegemea ukuta. Alikuwa na mikono mikubwa, na wakati ule hakujua aiweke wapi.

"Wewe ukikwama," alisema, "unaiweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mara ya kwanza nilikuwa nimefika swali la sita, nikakuona. Nikajiambia, ngoja nimalizie moja hili. Nikamalizia. Halafu nikafikiri, mimi napanda ngazi, huyu anabaki huku chini peke yake na swali lake la sauti. Mkono ukagoma. Ulipoacha wewe, nami nikaacha."

"Mkono ukagoma."

"Uligoma kabisa."

"Mkono unaoshika chuma kinachowaka, umegomea kalamu!"

"Nakupenda, Hamira."

Basi, msomaji wangu, neno hilo Hamira alikuwa amelisubiri muda mrefu. Alishalipangia hata mahali pa kusemewa: penye kivuli, pana upepo, yeye amevaa gauni la kijani. Hakulipangia bombani, hatua chache kutoka choo cha wavulana. Akalisikia lote, likamwingia mpaka miguuni, na bado hasira haikutoka. Vikakaa vyote viwili ndani yake, vinasukumana.

"Unajua kinachoniuma?" alisema. "Zile alama ulizozitupa, mimi ningezibeba kichwani kama trei. Nalala na kitabu usoni. Naamka nikiwa na unga machoni, najikumbusha kanuni huku nakanda. Wewe jibu unalo, umelikalia! Halafu umenifanya mimi ndiyo mwisho wako. Nikikwama, na wewe umekwama. Nikianguka, na wewe unalala chini kunipa kampani. Sasa nikiwa mkeo itakuwaje? Nikiumwa jino, na wewe utang'olewa?"

"Ukiwa nani wangu?"

"Usibadilishe mazungumzo."

"Sijabadilisha. Wewe ndiye umesema mke."

"Cheche!"

"Jino nitang'olewa," alisema, akiwa amekaza uso kabisa. "Lile la nyuma, lisiloonekana."

Hamira aligeuka upande wa pili haraka, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshafika mdomoni na hakutaka kukitoa. Alipogeuka tena, macho yalikuwa yamelowa.

"Leo utaandika mpaka mwisho. Na hutanitazama."

"Na ukibaki?"

"Nitabaki."

"Peke yako?"

"Nimekaa na swali moja kichwani tangu utotoni na sijafa. Nitashindwa kukaa chumba cha chini?"

"Mimi ndiye nitakayeshindwa."

"Enhe, umeliona? Hilo ni lako, si langu. Usinivishe mimi." Akamsogelea, akamweka kola sawa, ingawa kola haikuwa na tatizo lolote. "Watu wengi wameshaondoka kwenye maisha yangu kwa kuwa iliwabidi, na wachache wamebaki kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Wewe una pa kwenda. Nataka niuone mgongo wako ukienda. Ukirudi kwangu baada ya hapo, nitajua umerudi kwa kutaka."

Cheche alifungua mdomo. Kwenye kona ya jengo kikatokea kichwa cha Afande, na kofia yake ya kazi.

"Nyinyi wawili! Mwalimu anagawa karatasi. Posa inaweza kusubiri, mimi nimeomba ruhusa kazini!"

Chumba kilikuwa kimya. Mwalimu alikuwa mama mstaafu mwenye miwani ya kuning'inia, na aliwatawanya kila mtu na dawati lake. Cheche alipangiwa dawati la mbele, upande wa dirishani. Hamira akawa nyuma yake kidogo. Hakumtazama. Alijiapia kutomtazama.

Swali la kwanza lilikwenda. La pili, la tatu, yakaenda. La sita alilipita huku anatabasamu, kama mtu anayempita adui wa zamani ambaye sasa amezeeka. La nane lilimtoa jasho, akalimaliza. La tisa akalisoma, akalirudia, akalisoma tena. Maneno yote aliyajua, ila yalikuwa yamekaa pamoja kama watu waliokubaliana kutomsaidia.

Vidole vikaanza kulegea. Kalamu ikashuka mezani, taratibu.

Na pale mbele, kalamu ya Cheche ikanyamaza.

Hamira aliisikia ikinyamaza. Kati ya kalamu zote za chumba kile aliisikia hiyo moja tu. Akafumba macho. Kama akiacha hapa, alijiambia, basi tumekwisha, na nitampenda mpaka uzeeni nikiwa nimemkasirikia.

Karatasi ikageuzwa. Kalamu ya mbele ikaanza tena, mwanzo kidogokidogo, halafu kwa kasi, kama mvua iliyosita kisha ikaamua. Ikaenda, ikaenda. Hamira alifumbua macho, hakunyanyua kichwa. Baadaye kiti kikaburuzwa. Cheche alisimama, akapeleka karatasi yake kwa Mwalimu, akaelekea mlangoni. Shingo ilimkakamaa kama mtu aliyelala vibaya, maana ilitaka kugeuka naye alikuwa anaikataza.

Hakugeuka.

Hamira aliona mgongo wake wote ukitoka, kuanzia mabegani hadi kisigino cha mwisho. Hakuwahi kupenda mgongo wa mtu namna ile. Alijifuta pua kwa kiwiko, akaiokota kalamu, akalirudia swali la tisa.

Majibu yalitoka baada ya siku chache. Mwalimu alisimama mbele na karatasi mkononi, akasoma wanaopanda. Cheche alikuwa wa kwanza, tena kwa alama zilizomfanya Mwalimu avue miwani na kumtazama kwa shaka. Afande alipita kwa kuponea chupuchupu. Akaomba jina lake lisomwe tena, taratibu, ili alirekodi kwa simu, mjukuu asikie. Mama muuza viatu naye akapita, akatoka nje moja kwa moja kumpigia mumewe.

Jina la Hamira halikusomwa.

"Umebakiza kidogo sana," Mwalimu alimwambia, akimwekea mkono begani. "Hujawahi kufika ulipofika. Na la tisa umelipata, sijui umelipataje."

"Hata mimi sijui, Mwalimu."

Wenzake walianza kupanda ngazi, viatu vinagonga, vicheko. Cheche alibaki chini ya ngazi na mfuko wake. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kidato cha kwanza, mwingine sakafuni.

"Hamira."

"Panda."

"Ngoja kwanza niseme."

"Utasema ukishuka. Utanikuta getini kama siku zote. Nimekwambia panda ngazi, sijakwambia panda ndege."

"Nikishuka nataka kuongea habari ya lile jino."

"Jino halitaongewa mtu akiwa bado amesimama hapo chini. Panda bwana, usinitie aibu!"

Cheche alicheka, kile kicheko chake cha kweli, na kwa mara ya pili Hamira akauona ule mgongo ukienda. Alivumilia kwa uso mkavu mpaka kiatu cha mwisho kilipopotea juu. Hapo ndipo alipokaa kwenye dawati tupu, akaweka kichwa juu ya mikono, akalia kilio ambacho hata mwenyewe hakujua ni cha kushindwa au cha furaha. Nusu kwa nusu, pengine.

"Amepanda?"

Dada mtu alikuwa mlangoni, mkoba kwapani.

"Amepanda, dada. Wa kwanza."

Yule mwanamke alishusha pumzi ndefu, akashika fremu ya mlango. Alibaki pale muda, macho yake yanazunguka chumba: ubao, chaki, madawati yale madogo.

"Na wewe?"

"Nimebaki. Naanza upya na wageni."

"Na utaanza?"

"Kesho kutwa. Nimeshazoea magoti kuuma."

Dada mtu aliingia. Alipita katikati ya madawati, akigusa moja moja kwa ncha ya kidole.

"Mimi niliishia kidato cha kwanza," alisema. "Cheche alikuwa mdogo, analia kila nikitoka kwenda shule. Analia mpaka anapaliwa. Siku moja sikutoka." Akakohoa, akarudisha sauti yake ya kikao. "Hao wageni, wanaandikishwa mpaka lini?"

"Mpaka leo jioni. Mwalimu bado yupo ofisini."

"Sijauliza kwa ubaya. Ni hawa watoto wangu tu. Hesabu zikiwashinda namwita mjomba wao, na sasa mjomba ndiyo huyo, yuko ghorofani. Nitamwita nani tena?"

Hamira alimtazama, machozi bado mashavuni, na hakuthubutu kutabasamu kabla ya wakati.

Dada mtu aliweka mkoba sakafuni. Akajiinamia, akaingiza goti moja chini ya dawati, halafu la pili kwa shida. Dawati likalalamika, naye akaliambia linyamaze. Alipokwisha kukaa vizuri, akamsukuma Hamira kwa nyonga.

"Sogea kidogo, wifi," alisema. "Na siku ya mtihani nikikwama, tafadhali, usinisubiri."